Kitabu cha Punda Madhabahuni

Jumatatu, 14 Julai

Baridi ya kufa mtu. Ukungu umeshuka mpaka mlangoni, Meru haionekani hata kivuli. Nimechelewa kufungua duka. Wanafunzi wa chuo wamejazana kutoa kopi na mashine imekwama tena. Nimeipiga kofi. Imetii. Nusu ya biashara ya steshenari pale Sokon I ni makofi.

Jioni nimemsomea Nashipai. Bado anakaa mwisho kabisa wa benchi, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Tangu niolewe nikaja kuishi huku mlimani, mtoto wa mume wangu ananiita Anti, shikamoo yake haikosi, akitumwa anakwenda. Basi. Hapo ndipo tulipofika. Simlaumu. Ana miaka saba na mama yake alifariki mwaka juzi. Kaburi liko nyuma ya nyumba, katikati ya migomba. Nalipita kila asubuhi na ndoo ya maji.

Leo nimeharibu. Nilikuwa nasoma vizuri, nikaweka kidole kwenye neno, nikamuuliza, hili ni neno gani? Akakifunga kitabu taratibu. Kisha akasimama wima, mikono nyuma. Sikuwa nimemwambia asimame.

Shuleni kwao, darasa la kwanza, ukikosea kusoma unasimamishwa mbele mpaka kipindi kiishe. Kwa hiyo kwake kitabu ni kitu cha kusimamishiwa. Na mimi nimemleta mwalimu mpaka jikoni kwake.

Nimejichukia.

Jumatano, 16 Julai

Sheria mpya. Siulizi kitu. Sifundishi kitu. Nasoma kwa raha zangu, anayetaka kusikiliza asikilize.

Nimepata kitabu kwa muuza vitabu vya mitumba mjini. Jalada limeng'oka, sijui hata kinaitwaje. Punda anaumwa jino. Kila mnyama anampa dawa yake na kila dawa inazidisha maumivu. Kuku anasema aweke majivu ya moto. Nyani anasema alifunge jino kwa kamba kwenye mti, kisha akimbie. Mwisho korongo analing'oa kwa mdomo wake mrefu.

Nimelia kama punda. Sauti imetoka mpaka kwa majirani. Nilikulia Lemara, nyumba zimebanana, hakuna anayelia kama punda pale na bado akapata mchumba. Hapa nimelia.

Mama mkwe alikuwa mekoni anakoroga loshoro, mahindi kwa maziwa mgando. Haafiki mambo haya. Kwake kitabu ni cha shuleni, jioni ni ya kuchambua maharage. Lakini katikati ya hadithi akauliza kwa ukali punda huyo ni wa nani, mbona mwenyewe haonekani, mnyama anaumwa na boma lina watu. Nashipai akamgeukia Bibi yake, akanigeukia mimi. Akasogea kidogo kwenye benchi ili aione picha, atafute mwenye punda.

Jumamosi, 19 Julai

Amesogea tena. Sasa yeye ndiye anayefunua kurasa. Nikifika kwa nyani anaziba mdomo kabla sijasoma, maana anajua kinachokuja. Leo kicheko kimemponyoka. Nilikuwa sijawahi kukisikia. Kikubwa kuliko mwili wake.

Bibi anasema kusoma jikoni kwenye moshi kutamharibu mtoto macho. Kisha akasogeza taa upande wetu.

Jumanne, 22 Julai

Nimerudi mapema, umeme ulikatika mjini. Nikapitia nyuma. Nikamkuta Nashipai ameketi kwenye banda la mbuzi, kitabu magotini, anamsomea mbuzi jike. Hasomi kwa kweli. Amekikariri chote, lakini anafunua ukurasa pale pale panapotakiwa, na kidole kinatembea chini ya maneno. Punda wake analia vizuri kuliko wangu.

Aliponiona akakificha chini ya sweta. Nikapita kama sijaona. Nikaingia ndani nikafunga mlango, nikacheza peke yangu. Mtu mzima na makalio yangu haya.

Nimempigia mume wangu, Lomayani, yuko Babati wiki nzima anafunga umeme kwenye maghala. Nikamsimulia. Sauti ikakatika, nikadhani ni mtandao. Kumbe analia, mwanaume wa watu.

Jumapili, 27 Julai

Kanisani wametangaza: Jumapili ijayo ni sikukuu ya mavuno. Mwalimu wa shule ya Jumapili amewaambia watoto kila mmoja amletee Mungu kile anachokipenda kuliko vyote. Nilicheka kimoyomoyo. Nikajua wazazi watawakabidhi mayai na viazi kama kawaida.

Jumamosi, 2 Agosti

Maandalizi. Bibi amechagua mahindi bora, debe la maharage, mkungu wa ndizi. Jogoo ameteuliwa na hajafurahi. Mimi ni maandazi, na kesho nina zamu ya pilau na akina mama wenzangu.

Nashipai alimuuliza Bibi kama vitu vinavyowekwa madhabahuni vinamfikia Mungu kweli. Bibi alikuwa anahangaika na miguu ya jogoo. Akamwambia vinafika, vyote, hakuna kinachopotea. Mtoto akaridhika, akaenda kulala bila kudai hadithi. Nikashukuru, maana nilikuwa hoi.

Jumapili, 3 Agosti

Nina hasira. Niandike kwa mpangilio.

Watoto walipita mbele kutoa sadaka wakiimba. Sikuwaona, nilikuwa jikoni nyuma ya kanisa na sufuria. Baada ya ibada, mnada uwanjani, kama kila mwaka. Kila kilichotolewa kinauzwa, fedha inaingia kanisani. Na ndio mtindo wetu, mtu ananunua jogoo, anamrudisha auzwe tena, mwingine naye anamrudisha, mpaka jogoo mwenyewe anachoka. Ni utoaji na ni utani humo humo.

Nikiwa naosha masufuria nikasikia watu wanaangua kicheko, na mzee wa kanisa anayenadi anatangaza, "Haya, tuna punda hapa, anaumwa jino. Nani atamtibu?"

Nikatoka na povu mikononi. Kitabu chetu. Amekiinua juu, kati ya mkungu wa ndizi na jogoo wa Bibi.

Nikadhani kimeibiwa. Nikapaza sauti nikataja bei. Kosa. Mke mpya akitaja bei mnadani, watu lazima wamtanie. Shemeji zangu wakapandisha. Nikapandisha. Mmoja akashinda, akakirudisha kiuzwe tena, vigelegele. Nikapandisha tena. Wakashinda tena, wakakirudisha tena. Kila mtu anacheka, na mimi nacheka kwa meno tu, ndani nawaka. Hakuna aliyejua kwamba sitanii. Mwishowe mama mmoja mgeni kutoka usharika mwingine, mwenye gari lake, akataja bei nisiyoiweza. Yeye hakukirudisha. Alikitia kwenye mkoba. Makofi.

Nikageuka. Nashipai amesimama kwenye ngazi za kanisa, ameona yote. Halii.

Tulipokuwa tunapanda kurudi nyumbani, Bibi ametangulia, ndipo Nashipai aliponena. "Anti, Mungu amekiuza."

Nikamwambia ndiyo, fedha itasaidia kumalizia paa la kanisa. Jibu la mtu mzima mpumbavu.

Hakuna aliyekiiba. Alikipeleka mwenyewe. Mwalimu alisema kile unachokipenda kuliko vyote, na katika kanisa zima yeye peke yake ndiye aliyetii. Wengine walileta mayai.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeomba namba ya yule mama kwa mchungaji. Nimempigia. Mtu mwema sana, na wema wake umenimaliza. Kitabu ameshampa mwanawe aliyekuwa anarudi Dodoma, akampelekee mjukuu. Anasema amebarikiwa mno kukinunua. Nikamwambia amina. Ningesema nini?

Nimepita kwa muuza vitabu. Hana kingine. Nimenunua viwili vyenye picha nzuri, vya rangi, jalada lipo.

Jioni nimesoma kimoja. Nashipai alikuwa mwisho wa benchi. Kisha hakuwa kwenye benchi. Alikwenda kukaa mlangoni, mgongo kwetu.

Jumanne, 5 Agosti

Amesimamishwa tena mbele ya darasa. Jirani ndiye aliyeniambia. Leo hakujaribu hata kukosea, alifunga mdomo tu.

Nikaacha duka, nikaenda shuleni kugombana. Niliyapanga maneno njia nzima, mazuri, makali. Nikafika dirishani nikaona darasa. Watoto wamebanana kwenye madawati mpaka wengine wako sakafuni. Mwalimu, binti mdogo kuliko mimi, sauti imemkauka, anaandika ubaoni kwa mkono mmoja na kumfuta kamasi mtoto kwa mkono wa pili. Maneno yangu yakanyauka. Nikamsalimia, nikampa boksi la chaki nililokuwa nalo kwenye mkoba wa duka. Nikamwomba Nashipai asisimamishwe kwa muda, amepatwa na jambo. Akasema atajaribu. Akaniomba samahani, na mimi nikamwomba samahani, sijui kila mmoja aliomba ya nini.

Mtoto hali vizuri. Vitabu vipya viko pale pale nilipoviweka. Naanza kuamini nimempoteza, na vitabu vimempoteza, na mwaka mzima hautatosha kumrudisha kwenye ile benchi.

Jumatano, 6 Agosti

Nimejua.

Bibi alinisubiri njiani, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Walikuwa wanachambua maharage wao wawili na mtoto akamweleza. Bibi akaniambia, "Kile kitabu alimtumia mama yake."

Nilikaa kwenye jiwe pale pale.

Kumbe alipouliza kama vitu vya madhabahuni vinafika, alikuwa ana hesabu yake. Mama yake yuko kwa Mungu, tumemwambia hivyo sisi wenyewe kila siku. Sadaka inakwenda kwa Mungu, tumemwambia hivyo pia. Akatuma. Kisha akasimama kwenye ngazi akaona mzigo wake unanadiwa, watu wanacheka, na Anti yake akiwa katikati anapandisha bei.

Niliingia jikoni, nikachuchumaa mbele yake. Nikamwambia nimesikia, na kwamba sikujua. Aliacha kuchambua maharage. Kisha akasema polepole, kama anayemweleza mtoto, "Yeyo hajui kusoma. Nilidhani Mungu atamsomea."

Yeyo ndiyo mama, kwa Kiarusha. Mimi ni Anti.

Nikatoka nje kuangalia kuku. Kuku walikuwa wazima. Nimelia nyuma ya banda lao mpaka nikapaliwa.

Na kwa kuwa hakuna atakayesoma haya: nimeona wivu. Kitabu nilikinunua mimi, nimelia kama punda mimi, na kikapelekwa kwake. Siwezi kushindana na marehemu. Marehemu hachelewi dukani, hachomi maandazi. Aibu, lakini ndivyo nilivyohisi, na baada ya chai bado nilihisi hivyo kidogo.

Baadaye Bibi akanisimulia habari za mkwe wake wa kwanza, bila kuulizwa. Aliacha shule mapema akachunge ng'ombe. Kanisani alishika kitabu cha nyimbo kama wengine na kuimba kwa kichwa. Kila ukurasa ukifunuliwa naye anafunua. Alikuwa na aibu ya kutojua kusoma, akamwambia Bibi peke yake, na akaomba Nashipai asije akaambiwa. Mtoto alijua siku zote.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Duka limefungwa. Lomayani karudi, akataka kutupeleka Njiro kwenye maonyesho tukaone ng'ombe wa maziwa. Nashipai amekataa. Bibi akasema ng'ombe anao hapa, bure.

Nimelala na wazo tangu juzi. Nilimwita mtoto, nikamwambia sijui mambo ya mbinguni yanaendaje, nani anasoma na nani anasikiliza. Sitaki kumdanganya tena. Lakini yeyo amelala hapa nyuma, karibu kuliko kanisa. Mtu akitaka kumsomea, si lazima atume kitu. Anaweza kwenda mwenyewe.

Akasema kitabu hakipo.

Nikamuuliza kama amemsahau punda. Swali la kwanza nililomuuliza tangu ile siku ya kidole. Akatikisa kichwa. Hajasahau hata neno.

Basi. Nimeleta karatasi za duka, nimezikunja katikati, nimezishona kwa sindano ya Bibi ya magunia. Tumekaa kwenye meza. Yeye anasema, mimi naandika kwa herufi kubwa, kama anavyosema, sirekebishi. Nilitaka kurekebisha mara nyingi. Nimejiuma ulimi.

Si kitabu kile kabisa. Punda huyu ana mwenyewe, naye ni yeyo. Wanaishi hapa hapa mlimani, wanashuka Ngaramtoni siku ya soko kuuza maparachichi. Kuku yupo, nyani yupo, ushauri wao bado mbaya. Nikangoja korongo aje. Hakuja. Nashipai akatazama dirishani, akasema, na mimi nikaandika: Anti alishika kichwa cha punda na yeyo aling'oa jino.

Kalamu ikasimama. Nikamuuliza kama ndivyo ilivyokuwa kitabuni.

"Kile kiliuzwa," akasema.

Nikaendelea kuandika. Herufi za ukurasa ule zimepinda zote.

Picha amechora mwenyewe. Lomayani akapita akasema mbwa huyo amependeza. Hajasamehewa mpaka sasa hivi.

Jumanne, 12 Agosti

Anakisoma kila jioni. Mara anakumbuka, mara anasoma kweli, sijui mpaka uko wapi na sasa siutafuti. Maneno ni yake, labda ndiyo maana hayamtishi. Akikwama ananivuta nguo. Namtajia neno, basi, hakuna maswali.

Shuleni mambo ni yale yale. Jana alisimama tena. Lakini leo alimweleza Bibi kwamba ukisimama mbele unaweza kuusoma ukuta, kuna karatasi zimebandikwa. Alisoma "maji". Bibi akajifanya haamini, akamtuma aonyeshe neno hilo kwenye dumu la dukani kwa jirani. Wakaenda wote wawili, jioni ile, na baridi ile.

Bibi naye ana malalamiko. Ng'ombe wake hayumo kitabuni. Tumeongeza ukurasa.

Jumamosi, 16 Agosti

Jua kidogo. Mlima umejitokeza wote. Nimefua mashuka, nimeanika.

Saa kumi Nashipai alichukua kitabu na kigoda, akaelekea migombani. Niliweka beseni chini nikamfuata. Akageuka akasema niache, ataenda mwenyewe. Imeniuma, sitajidanganya. Nimerudi, nikakaa mlangoni mwa jikoni, nikaanza kumenya ndizi za jioni.

Anachosoma hakisikiki, upepo ulikuwa kwenye migomba. Nilikuwa naona sweta lake jekundu tu, na kichwa kimeinama. Punda alipolia, hapo nilisikia.

Baada ya muda akaja mbio, kidole kimebanwa kati ya kurasa. Kuna neno limemshinda. Nikalisoma: "majivu". Akaondoka akilirudia kwa sauti asije akalipoteza njiani. Majivu, majivu, majivu, mpaka kule.

Akaja tena, na neno jingine. Akarudi.

Bibi akaniambia niingie ndani, upepo umekuwa mkali na ndizi zimeshakwisha kumenywa. Ni kweli, zilikuwa zimekwisha. Nikamwambia bado kidogo. Nimekaa pale pale, utomvu umenikaukia vidoleni, asije akakwama akanikosa.